Leso Juu ya Mkono wa Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Wagonjwa wanne kabla ya chai. Chai yao, si yangu. Nimewakataza kunywa chochote asubuhi ya kuja hapa, kwa maana chai hupaka ulimi rangi na maziwa huacha utando wa uongo. Wa tano alikunywa akaficha. Ulimi wa kahawia. Nikamrudisha kwake. "Lakini Mwalimu, ni kikombe kimoja tu!" Ulimi hauhesabu vikombe.

Mwende alikuwa amepanga kila kitu: kimto cha kuwekea mkono, taulo, sindano, kiti karibu na mlango. Ulimi hutazamwa kwa mwanga wa jua, si kwa tochi ya simu. Hilo simkumbushi tena. Ni mke wa mwanangu Mutua, anayeendesha lori la Mombasa na kuonekana hapa nyumbani kama mgeni. Asubuhi Mwende ni mwanafunzi wangu. Mchana ana duka lake la dawa za mifugo pale Kikima. Jioni ananipikia uji.

Ukungu wa Mbooni ulikaa mpaka saa nne. Miguu yangu imevimba. Viatu vimenikataa.

Nilishika mikono ya wote wanne, nikafumba macho, nikatamka mapigo ya kila mmoja. Niandike ukweli angalau hapa. Sikusikia hata moja.

Alhamisi, 6 Machi

Ilianza wakati wa mvua za mwisho wa mwaka. Nilishika sufuria ya maji jikoni. Nilinusa nyama ikiungua kabla sijajua ni kidole changu. Sukari imekula miguu, sasa imepanda mikononi. Kovu lipo. Mwende aliuliza, nikamwambia ni mwiba.

Nilifundisha bayolojia maisha yangu yote ya kazi. Baada ya kustaafu, wajenzi Wachina wa reli walipoweka kambi huku chini, nilikwenda kuwa mkalimani katika zahanati yao. Daktari Lu, mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliniona nikichungulia kila mgonjwa. Akanifundisha tiba yao ya sindano. Njia zao za kupima ni nne: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, kugusa. Kugusa ndiko kugumu. Vidole vitatu chini ya kidole gumba, mkono wa kushoto kisha wa kulia. Gusa juu juu, kandamiza kidogo, kandamiza sana. Kila kidole kina kituo chake, na kila kituo na kila kina huwa na habari yake.

Aliweka unywele chini ya karatasi, nikautafuta kwa kidole. Nilipoupata akaongeza karatasi. Nilifika karatasi tano. Alicheka akanipa chai.

Leo niliweka unywele wa Mwende juu ya meza tupu, bila karatasi. Sikuupata.

Jumatatu, 10 Machi

Naishi kwa njia tatu na kuigiza ya nne. Natazama rangi ya uso. Nasikiliza pumzi. Nauliza usingizi, choo, jasho. Kisha nashika mkono na kutangaza kile nilichokwisha kukijua. Mara nyingi napatia. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatano, 12 Machi

Somo la Mwende. Alimshika Nzioka, jirani yangu, ambaye huleta goti lake bovu na kutuazima mkono wake mzima.

"Mama Kioko," Nzioka akamwambia, "ukisikia humo mapigo ya mwanamke mwingine, tafadhali usimwambie mke wangu."

"Nasikia tumbaku, mzee. Tumbaku nyingi."

Akacheka mpaka akakohoa. Mwende hakucheka. Alikuwa amefumba macho. Akasema mapigo ya Nzioka ni kama waya uliokazwa, hasa kituo cha katikati, kushoto. Nikasema ndiyo. Sikuwa na njia ya kujua.

Mwende ameshashika mikono ya nusu ya tarafa hii. Wangu hajawahi. Kwetu kuna nthoni, ile heshima inayomkataza mtu kumgusa mkwe wake, kumkazia macho, hata kutafuna mbele yake. Wengi wameiacha. Mimi sikuiacha. Jina lake silitamki. Namwita mama Kioko, kwa jina la mwanawe. Uji huuweka mezani, hanipi mkononi. Tangu mke wangu afe, hakuna aliyenishika mkono ila mchungaji akitoka kanisani.

Jumamosi, 15 Machi

Mwende ameniomba nimpime mama yake, Ndinda, wa Mbumbuni. Anachoka kufagia tu. Anaamka akitafuta hewa. Hospitali amekataa.

"Amesema anaenda tu wewe ukimwambia, Baba. Daktari mwingine hamjui."

Ningesema: mama Kioko, vidole vyangu vimekufa. Maneno machache hayo. Nikasema, "Mlete Jumanne."

Jumanne, 18 Machi

Niandike ilivyokuwa.

Ndinda ni mkwe wangu. Nthoni yetu ni nzito kuliko hata ile ya Mwende. Tangu harusi ya watoto hatujawahi kusalimiana kwa mikono. Alikuja amejifunga leso mbili, akakaa upande, nami nikakaa nikiangalia ukuta wenye kalenda. Ulimi wake sikuweza kuutazama. Mtu hafungui kinywa mbele ya mkwe. Maswali ya choo na mkojo sikuweza kuyauliza. Kati ya njia nne nilibaki na sikio na pua. Pumzi yake ilikuwa fupi. Alipomaliza sentensi alipumzika.

Mwende alitazama ulimi. Akasema pembeni una rangi ya zambarau. Kisha akamshika mama yake mkono wa kushoto. Akakaa. Akahamia kulia. Akarudi kushoto.

"Mwalimu, hii inaruka. Inaenda, inajikwaa, inakimbia, inasimama."

Ndinda akatandaza leso juu ya mkono wake mwenyewe, akaunyoosha juu ya kimto bila kunitazama. Nikaweka vidole juu ya kitambaa. Ilikuwa kama kugusa mkate.

Kama ningekubali kwamba inaruka, Mwende angeuliza swali nililomfundisha mwenyewe: inaruka kwa mpango, au bila mpango? Kila aina ina maana yake na hatari yake. Nisingekuwa na jibu. Aliyekuwa akingojea jibu ni mwanafunzi mmoja tu, ndani ya nyumba yangu, nami nilimwogopa kuliko nilivyoogopa kifo cha mama yake.

Nikasema, "Mapigo yametulia. Ni uchovu wa damu. Mama Kioko, mkono wako bado mchanga."

Mwende akainamisha kichwa. Hakubishana. Nthoni.

Nikaagiza uji wa wimbi, mboga za kienyeji, tangawizi, kupumzika. Ndinda akashukuru ukuta ule ule niliokuwa nikiutazama. "Nilijua. Hospitali wangenilaza bure." Ameniachia mfuko wa mbaazi.

Ijumaa, 21 Machi

Mbaazi zimepikwa. Sahani nimeisukuma kando.

Nilitaka kumwambia Mwende ampeleke mama yake hospitali ya Wote, kwa tahadhari tu. Nilitafuta namna ya kusema bila kujitaja. Sikuipata. Jioni nikauliza, kana kwamba napita tu, hali ya Mbumbuni. Akasema mama anaandaa shamba kwa mvua. Nikafurahi. Mtu aliyeambiwa na mimi apumzike analima, na mimi nafurahi.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani. Mchungaji ambaye zamani aliziita sindano zangu uchawi wa kigeni leo amesimamisha watu wote waombee mikono ya Mwalimu. Walininyooshea mikono yao. Nikasema amina.

Mvua imeanza.

Alhamisi, 3 Aprili

Ndinda ameanguka shambani akipanda mahindi. Upande wa kulia umekufa. Mdomo umekwenda kombo, maneno hayatoki. Mwende alifunga duka akatoka na gambuti miguuni. Hakuniaga.

Jumamosi, 5 Aprili

Alipiga simu kutoka hospitali. Sauti ya mtu anayesoma tangazo. Daktari amesema moyo wa mama unapiga bila mpango, na si jambo la jana. Damu imeganda humo, kipande kikapanda kichwani. Zipo dawa za kuzuia hilo, kama mtu akija mapema.

"Amesema yeyote ambaye angemshika mkono angejua."

Mimi nilisema, "Mungu yupo." Ndivyo nilivyosema.

Jumatatu, 7 Aprili

Ndinda amefariki asubuhi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mazishi, Mbumbuni. Nzioka na mwanawe walinibeba kutoka garini hadi kwenye kiti. Udongo mwekundu, watu wengi, hema limevuja katikati.

Walikuwa wamekwisha kuipata sababu kabla sijafika. Kaka yake Mwende alisema kwa sauti, ili nisikie, "Ni hiyo leso. Mtu anapimwa kupitia kitambaa kama nguo dukani!" Mzee wa ukoo wao akamkemea. Akasema Mwalimu ameshika heshima hata mbele ya ugonjwa, na kwamba vijana wa leo wangemshikashika tu mama ya watu. Wengine wakaitikia. Ubishi ukawa wa mila: ilindwe au iachwe. Hakuna aliyetaja vidole vyangu. Nani angevitaja?

Walinipa sababu yenye heshima na nikaivaa kama koti la kuazima. Ilinitosha vizuri.

Garini, wakati wa kurudi, Mwende alisema bila kugeuka, "Usijilaumu, Baba. Si wewe. Ni mila."

Hilo ndilo lililoniua. Yaliyosalia ni ya mwili tu.

Jumanne, 15 Aprili

Siwezi kulala bila mito mitatu. Nimeutazama ulimi wangu kwa kioo, mlangoni. Umevimba, una alama za meno, zambarau mpaka ncha. Ningeuona kwa mtu mwingine ningewaita watoto wake.

Wagonjwa wamerudi. Mwende ananyoosha kimto kama kawaida.

Alhamisi, 17 Aprili

Nzioka alikuja na goti. Mwende akamwomba mkono. Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Akavua leso begani, akaifunika juu ya mkono wa Nzioka, akaweka vidole juu ya kitambaa.

"Kwani leo mimi ni mkwe wako?" Nzioka akauliza.

"Nyamaza kidogo, mzee."

Mwende akafumba macho. Akaikunja leso mara mbili, akashika tena. Akaikunja mara nne. Akashika. Nilikuwa kitini karibu na dirisha, nikiangalia kalenda, na nilijua anachotafuta na kwamba anakipata.

"Inasikika," akasema, polepole. "Ile ya waya. Hata ikiwa nne, inasikika."

Nzioka akasema, "Si nimekwambia mimi nina nguvu."

Mwende akaikunjua leso akajifunga. Hakunitazama. Alikwenda dukani kabla ya wakati wake.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Wengine wote walikuwa kanisani. Nilimwita. Alisimama mlangoni.

Nilimwonyesha kovu la kidole. Nikamwambia si mwiba. Nikamwambia kuhusu sufuria, kuhusu unywele wake juu ya meza, kuhusu mvua za mwisho wa mwaka. Nikamwambia kwamba mkono wa mama yake sikuusikia, na kwamba hata bila leso nisingeusikia. Kwamba yeye alisikia sawasawa nami nikamwambia mkono wake ni mchanga, kwa sababu niliogopa swali lake. Nikamwambia nthoni haikumuua mama yake. Niliishika nthoni kama mtu anavyoshika mlango ili usifunguliwe.

Nilitazama miguu yake muda wote. Haikusogea.

Nilitazamia alie, au anitukane. Nilitaka anitukane. Aliuliza kitu kimoja.

"Na wale wengine?"

Sikuwa nimewafikiria. Naandika hili kwa aibu kuliko yote. Mwezi mzima nimemlilia mtu mmoja, na kati ya wale wote waliopita kwenye kimto hiki tangu mvua zile, sikuwa nimemfikiria hata mmoja.

Akasema, "Nitajie majina."

Nikataja. Nilipokwama alinikumbusha.

Jumatano, 23 Aprili

Wamekuwa wakija tangu juzi. Mwende aliwapigia mmoja mmoja. Nilimwomba aniweke kitini karibu na mlango ili kila anayeingia nimwambie kwa kinywa changu: vidole hivi havisikii, yale niliyokwambia nilibahatisha, mpe mama Kioko mkono wako.

Mwanamke wa Kikima aliyechukua mimba nilipomwambia ni salama alitema mate karibu na kiti changu. Mimba alikwisha kuipoteza. Sijui kama ningeweza kujua. Hata vidole vizima hukosea. Lakini sikumwambia hivyo.

Mzee mmoja alikataa kuamini. "Wewe ni mgonjwa tu, Mwalimu, unaweweseka." Akataka nimshike mimi. Mwende akamvuta mkono kwa upole akamketisha.

Nzioka akalitazama goti lake. Kisha: "Kwa hivyo goti langu, ulikuwa unabahatisha?"

"Goti lako nililiona ukitembea."

"Aa. Basi hilo halina neno." Akafikiri tena. "Lakini ungetuambia, bwana. Ungetuambia tu."

Wengine Mwende amewatuma hospitali na barua. Hanisemeshi. Uji anauweka mezani na kutoka.

Jumapili, 4 Mei

Mutua amekuja akaondoka. Mwende alimwambia. Alisimama kando ya kitanda, mwili mkubwa, mikono imejaa grisi. Mwishowe akarekebisha bomba la sinki.

Chakula hakishuki. Maji yamepanda hadi mapajani.

Nafikiri juu ya mapigo ya mwisho. Daktari Lu alinifundisha kwa maneno tu, jioni moja kabla kambi haijavunjwa. Kuna ya ndege anayedonoa. Kuna ya kamba inayofumuka. Kuna ya paa linalovuja: tone, kimya, tone. Nikamwuliza nitayatambuaje. Akasema hayafundishwi kwa maneno. Lazima mtu anayekufa akupe mkono wake, akuachie ukae nao bila haraka. Wengi hawataki. Ndugu zao hawataki. Kwa hiyo waganga wengi huyakosa, na mgonjwa huambiwa atapona wakati ambapo angepaswa kuambiwa aage.

Mwende hajawahi kuyashika. Mimi ninayo, hapa, chini ya kidole gumba. Siwezi kumwambia njoo uyachukue. Baada ya yote haya, siwezi kumwita kwa chochote.

Jumatano, 7 Mei

Mchungaji. Sala. Nilimwambia yote. Akasema nimesamehewa. Yeye si wa Mbumbuni, msamaha huo si wake kuutoa.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua ilikatika adhuhuri. Mabati yaliendelea kudondosha maji kwenye pipa.

Mwende aliingia na uji. Hakuuweka mezani. Aliuweka sakafuni, akavuta kigoda hadi kando ya kitanda, akakaa akinielekea. Alikuwa na kimto chini ya kwapa.

"Lete mkono."

Nikasema, "Mama Kioko. Nthoni."

"Hiyo tuliizika na mama. Lete mkono, Mwalimu. Wa kushoto kwanza."

Alikuwa sahihi. Wa kushoto kwanza. Nikaunyoosha. Hakuweka leso. Vidole vyake vilikuwa baridi, vinanuka dawa ya kuoshea ng'ombe. Vidole vyangu vimekufa, lakini ngozi ya mkono wangu ilimsikia: kimoja, viwili, vitatu. Juu juu. Kidogo. Sana. Alifumba macho. Nilitazama uso wake, jambo ambalo sijawahi kufanya. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Miaka yote hii sikulijua.

Alikaa. Hakuwa na haraka. Akahamia kulia, akarudi kushoto, kama alivyofanya kwa mama yake.

"Hii inaitwaje?"

"Eleza kwanza."

"Inakuja moja. Inanyamaza. Inanyamaza mpaka nafikiri imeisha. Halafu inakuja nyingine." Akasikiliza pipa nje. "Kama hilo bati."

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo hiyo."

"Kwa hivyo si mbali."

"Si mbali."

Hakusema pole. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Alichukua uji akanishikia kikombe nikanywa, mbele yake, nikimeza kwa sauti. Alipotoka alisema atarudi jioni ashike tena, aone kama imebadilika.

Kimto amekiacha kitandani. Ninaandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeuacha pale pale, kiganja juu.